Simu ya ofisi inayopita kwenye intaneti imegoma: anza kutazama wapi

"Fundi, simu inaita vizuri, nikipokea kimya. Naita halo, halo, mpaka anakata."

Ujumbe wa namna hii huwa naupata asubuhi ofisi zinapofunguliwa. Aliyeutuma mara nyingi ameshaichomoa simu, ameirudisha, ameigonga mgongoni, na sasa anauliza bei ya mpya. Namwomba asinunue kwanza. Katika ofisi nilizofunga simu hizi hapa Mwanza, kuanzia Barabara ya Makongoro hadi viwanda vya samaki Igogo, ni mara chache sana kosa limekuwa ndani ya simu yenyewe. Kosa huwa njiani.

Mtambo wa simu wa ofisi yako hauko ofisini. Zamani ulikuwa sanduku ukutani nyuma ya mapokezi, nyaya za shaba zikitoka humo kwenda kila chumba. Sasa uko kwenye seva, huenda Dar es Salaam, huenda Afrika Kusini au Ujerumani. Kutoka kule hauzioni simu zako. Unachokiona ni ruta yako tu, na ile anwani moja ya IP ambayo ofisi nzima inaitumia. Ruta ikisahau, mtambo hauna wa kumuuliza.

Halafu kila simu ina safari mbili. Ya kwanza ni ya taarifa: "mimi ni ekstensheni 104, nipo hapa", "kuna mtu anapiga", "amepokea", "amekata" (ekstensheni ni namba ya ndani ya kila simu). Lugha ya taarifa hizo inaitwa SIP, na toleo lake linalotumika hadi leo liliandikwa mwaka 2002. Kwa kawaida hupita poti (mlango wenye namba kwenye mtandao) 5060, au 5061 ikiwa imefichwa kwa usimbaji. Ya pili ni ya sauti yenyewe, inayoitwa RTP, na hupita poti nyingine kabisa. Mitambo mingi hutumia kati ya 10000 na 20000. Anayeuza dagaa pale Kirumba Mwaloni ataelewa haraka: karatasi za mzigo zinaweza kufika salama na magunia yakabaki chini. Simu ikiita, karatasi zimefika. Ukipokea ukakuta kimya, magunia hayajapanda lori.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: kilichokwama ni taarifa au sauti?

Na kuna kipimo kimoja ninachokifanya kabla ya kugusa waya wowote. Chukua simu yako ya mkononi, weka programu ya simu za SIP, jaza ekstensheni na nenosiri la ile simu inayosumbua (hiyo ya mezani ichomoe kwanza), zima Wi-Fi, tumia bando lako, upige. Ikifanya kazi, mtambo na akaunti ni vizima na tatizo liko kwenye mtandao wa ofisi. Isipofanya kazi, usipoteze siku kwenye ruta. Tatizo liko kwenye akaunti au kwa mtoa huduma. Dakika kumi hizi zimeniokolea siku nyingi.

Kioo kinaandika kwamba simu haijasajiliwa

Usajili huu hauhusiani na alama za vidole. Ni simu kujitambulisha kwa mtambo, na hurudiwa kila baada ya muda, iwe dakika moja au saa nzima, kadiri ilivyopangwa.

Anza chini kabisa. Je, taa ya tundu la mtandao nyuma ya simu inawaka? Je, simu imepata anwani ya IP, kitu kama 192.168.1.25? Kama haijapata, ni waya, swichi (kile kiboksi kinachogawa mtandao kwa nyaya nyingi) au ruta, na habari ya mtambo bado. Simu isiyowaka kabisa huwa inategemea umeme unaopita kwenye waya wa mtandao. Swichi ya kawaida haitoi umeme huo. Hapa Mwanza nimeona kosa moja likijirudia: ofisi inapokea intaneti kwa dishi la redio juu ya paa, na mtu anachukua kile kiboksi cha umeme cha dishi akakichomeka kwenye simu. Viboksi vingi vya madishi hutoa volti 24 bila kuuliza. Simu za mezani zinasubiri kiwango cha 802.3af chenye volti kama 48, na umeme huo hutolewa baada ya vifaa kutambuana. Usivibadilishane, unaweza kuunguza kifaa.

Anwani ipo lakini usajili hakuna? Tazama herufi za nenosiri. Nenosiri la SIP si lile la kuingilia kwenye tovuti ya mtoa huduma, wala si namba ya siri ya kusikilizia ujumbe wa sauti. Na jina la kuthibitisha, kwenye baadhi ya mitambo, si sawa na namba ya ekstensheni. Simu ikionyesha namba za makosa, zinasema mengi. 403 ni kukataliwa, na mara nyingi ni nenosiri au anwani yako haijaruhusiwa. 404 ni ekstensheni isiyojulikana. 408 ni kwamba hakuna aliyejibu, ombi limepotelea njiani. Ukiona 401 usishtuke: mtambo huikataa kila simu mara ya kwanza ili kuitaka ijithibitishe. Inakuwa tatizo pale tu inapojirudia bila mwisho.

Kama umechagua usimbaji kwenye poti 5061, tazama tarehe na saa kwenye kioo. Simu iliyokaa bila umeme inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine, na cheti cha usalama cha mtambo kitaonekana batili. Iwekee seva ya saa. Na pale inapobidi kuandika majira, yetu ni UTC+3.

Simu zote zimekufa kwa pamoja, na intaneti ipo

Hili nalieleza kwa kisa, kwa sababu lilinichukua siku mbili kulielewa na nisingependa likuchukue wewe.

Ofisi ya uwakala wa forodha, simu tisa. Saa nne asubuhi zote zinaandika hazijasajiliwa. Barua pepe zinaenda, WhatsApp inaenda. Baada ya saa moja zinarudi zenyewe. Kesho yake, saa nne, vilevile. Mkuu wa ofisi, mama mtaratibu sana, akaniambia, "Mwanangu, hii ni kama mtu anatufungia mlango halafu anatufungulia."

Alikuwa amepatia kuliko mimi. Mitambo ya simu iliyo hadharani hujaribiwa mchana na usiku na wezi wanaobahatisha nenosiri, kwa hiyo hujilinda: anwani ikikosea mara kadhaa, hufungiwa kwa muda. Na anwani ya ofisi ni moja. Simu moja ikikosea, zote tisa hulipa. Tuliikuta ile simu stoo, nyuma ya maboksi ya risiti, ikiwa na nenosiri la zamani. Mtunza stoo alikuwa akiwasha soketi ya ukutani kila alipofungua stoo, saa nne kasoro. Simu iliamka, ikajaribu, ikakataliwa, ikajaribu tena, mpaka mlango ukafungwa.

Ukiona simu zote zimezimika na kwenye bando la mkononi ekstensheni ileile inasajili, mwulize mtoa huduma swali moja: "Anwani yetu imefungiwa?" Mpe anwani yenu ya nje. Akikufungulia, usishukuru ukaondoka. Itafute simu au programu yenye nenosiri bovu. Mara nyingine ni kompyuta ya mfanyakazi aliyehamishwa, mara nyingine ni simu ya mkononi ya mtu aliyewahi kuwekewa programu akaisahau.

Kuna ndugu yake: umeme unakatika, ruta inawaka tena, anwani ya nje imebadilika. Kama mtambo unaruhusu anwani iliyoorodheshwa tu, ofisi yako imekuwa mgeni mlangoni. Ama lipia anwani isiyobadilika, ama mwombe mtoa huduma atumie njia nyingine ya kukutambua.

Tunapiga vizuri, lakini wakitupigia haiiti

Wateja huambiwa hampatikani, au wanapelekwa kwenye ujumbe wa sauti, na mezani kimya. Kwanza yale mepesi: kitufe cha kutosumbuliwa kimebonyezwa, simu zimeelekezwa kwingine, mlio umepunguzwa. Nimewahi kusafiri hadi Nyegezi kwa kitufe.

Kama sivyo, fikiria kumbukumbu ya ruta. Simu inapozungumza na mtambo, ruta hufungua kijitundu na kuandika: majibu yakija hapa, yapeleke kwa ile simu. Kwa mawasiliano ya UDP (njia ya kutuma bila kusubiri uthibitisho) kumbukumbu hiyo haidumu. Ruta nyingine huifuta baada ya sekunde 30 tu za ukimya, nyingine dakika mbili au tatu. Kama simu imepangwa kujisajili mara moja kwa saa, basi sehemu kubwa ya saa hiyo mtambo unabisha mlango ambao ruta imeshausahau. Ukipiga wewe, kijitundu kinafunguliwa upya, ndiyo maana kutoka ni rahisi na kuingia hakuna.

Dawa: kwenye simu, washa ujumbe mdogo wa kudumisha njia, kila sekunde 20 hivi, na upunguze muda wa usajili uwe sekunde 120 au hata 60. Kama mtambo unakubali TCP (inayothibitisha kilichofika) au TLS (iliyofichwa kwa usimbaji) badala ya UDP, hamia huko. Ruta huzikumbuka njia hizo kwa muda mrefu zaidi. Na ikiwa hali hii imeanza baada ya umeme kurudi, zima simu uiwashe. Mtambo bado unaipigia anwani ya jana.

Namsikia, yeye hanisikii (au kinyume chake)

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo nakusihi uwe mvumilivu.

Anza kwa kupiga namba ya mwangwi, ile inayokurudishia sauti yako mwenyewe. Mitambo mingi inayotumia programu za Asterisk na FreePBX hutumia *43. Ukijisikia, sauti inakwenda na kurudi vizuri kati yako na mtambo, na kosa liko mbele zaidi, upande wa mtoa huduma. Usipojisikia, endelea hapa. Usitumie simu ya chumba hadi chumba kama kipimo, kwa sababu baadhi ya mipangilio huziacha simu mbili za ofisi moja zizungumze moja kwa moja bila sauti kutoka nje.

Kama yeye anakusikia na wewe humsikii, mshukiwa wa kwanza ni ruta yako: sauti inafika mlangoni na haijui iende chumba kipi. Kama wewe unamsikia na yeye hakusikii, angalia kwanza mkono wa simu na waya wake wa kujiviringisha, kisha kitufe cha kunyamazisha, halafu fayawoli (kinga ya mtandao) inayozuia poti za kutoka.

Mshukiwa mkubwa ndani ya ruta anaitwa SIP ALG. Ni kipengele kilichowekwa kwa nia njema, kusoma taarifa za simu na kurekebisha anwani zilizomo. Nyingi hurekebisha vibaya. Simu yako ndani ya taarifa yake huandika, "sauti nitumie kwa 192.168.1.25", anwani ambayo nje ya ofisi haina maana. Mitambo ya kisasa inajua kuipuuza na kurudisha sauti kule ilikotoka. Lakini ALG ikiingilia, huandika nusu ya kweli: anwani ya nje sahihi, poti isiyo yake. Mtambo unaamini, na sauti inatumwa shimoni. Kizime. Katika ruta nyingi kipo chini ya mipangilio ya NAT (ugawaji wa anwani moja kwa vifaa vingi) au ya usalama. Katika chache kimefichwa na inabidi mtoa huduma wa intaneti akuzimie. Baada ya kukizima, washa ruta upya, na simu pia. Kama hakizimiki kabisa, hamishia taarifa kwenye TLS: kisichosomeka hakiwezi kuharibiwa.

Mshukiwa wa pili ni ruta mbili mfululizo. Ofisi ina kifaa cha kampuni ya intaneti, na fundi aliyepita ameongeza chake nyuma yake. Ingia kwenye ruta yako utazame anwani yake ya nje. Ikianza na 192.168 au 10, kuna ruta nyingine mbele. Iweke ile ya mbele ipitishe tu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani inayogawanwa na wateja wengi wa mtandao huo, jambo la kawaida kwa ruta za laini. Simu zinaweza kufanya kazi humo, mradi mtambo urudishe sauti kule ilikotoka na ujumbe wa kudumisha njia uwe umewashwa. Kufungua poti kwenye ruta yako hakutakusaidia chochote huko. Wengi hupoteza jioni nzima wakifanya hivyo.

Wa tatu ni wa ofisi zenye uwezo kidogo: intaneti mbili, ya mkongo na ya laini, na ruta inayozigawia kazi. Taarifa inatoka kwa mkongo, sauti inatoka kwa laini, mtambo unaona watu wawili tofauti. Leo inafanya kazi, kesho hapana, na hakuna anayeweza kulirudia kosa mbele yako. Iambie ruta kwamba kila kiendacho kwenye anwani za mtambo kipite mkongo, na laini ibaki akiba mkongo ukikatika.

Inakata, na kila mara muda uleule

Chukua saa upime. Muda wenyewe unakutajia kosa.

Sekunde 32: aliyepokea alituma "nimepokea" na hakupata jibu la "sawa". SIP humruhusu kurudia kwa sekunde 32, kisha anakata. Ni taarifa iliyopotea njiani, mara nyingi kwa sababu ya ALG ileile au mtambo uliojitambulisha kwa anwani ya ndani. Dakika 15 au 30 kamili: hapa wenyeji wawili wa mazungumzo walikubaliana kukumbushana kwamba bado wapo. Muda wa kawaida ni sekunde 1800, na ukumbusho hutumwa ukifika nusu yake. Ukumbusho ukipotea, simu inakatwa katikati ya sentensi. Urefu usio na mpangilio, dakika tatu mara hii na saba mara ile, si kosa la SIP; hilo ni la mtandao wenyewe, soma linalofuata.

Na ikiwa simu imesajiliwa lakini ukipiga haitoki kabisa, huku simu fupi za majaribio kwenye programu nyingine zinakubali, jaribu TCP. Ombi la kupiga likibeba orodha ndefu ya kodeki (mbinu za kugeuza sauti kuwa data) huvuka ukubwa wa pakiti (kifurushi cha data) moja ya UDP, hukatwa vipande, na kuna ruta na fayawoli zinazovitupa vipande. Kupunguza kodeki zibaki mbili au tatu husaidia pia.

Sauti ya roboti, maneno yanamezwa

Nipe namba kidogo, zitakusaidia kubishana na yeyote. Kodeki ya G.711, iliyo ya kawaida, hutuma pakiti 50 kila sekunde na hutumia kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. G.729 hutumia kama 31. Simu sita kwa pamoja kwa G.711 hazifikishi hata megabiti moja kwenda na moja kurudi. Kwa anayetumia bando, dakika moja ni kama MB 1.2 au 1.3 kwa jumla. Kwa hiyo mtu akikwambia ununue megabiti 50 kwa ajili ya simu, hajakutafutia ugonjwa.

Ugonjwa uko kwenye mambo matatu: pakiti zinazopotea, zinazochelewa, na zinazofika bila mpangilio. Lenga upotevu chini ya asilimia 1 na tofauti ya muda wa kufika chini ya milisekunde 30. Kuhusu kuchelewa, mwongozo wa ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) uitwao G.114 unataka milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukizidi sana hapo, watu wanaanza kupandana maneno. Piga ping (amri ya kompyuta inayopima muda wa kwenda na kurudi) kwenda kwenye mtambo kwa dakika kumi, na ukumbuke kwamba ping ni kwenda na kurudi.

Kisha fanya ninachokifanya kila mahali: acha ping ikiendelea, na kwenye kompyuta nyingine anza kupandisha faili kubwa. Ping ikiruka kutoka milisekunde 60 hadi 900, umemkamata mhalifu. Upande wa kupandisha umejaa, na ruta inazipanga pakiti za sauti nyuma ya foleni ya picha. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kililalamika kwamba simu zinaharibika saa kumi jioni tu, wakati wanunuzi wa nje wanapopiga. Saa kumi jioni ndipo kamera za usalama zilipokuwa zikituma kumbukumbu za siku kwenye hifadhi ya mbali. Tulihamishia kazi hiyo saa nane usiku.

Usipoweza kuhamisha, iambie ruta itangulize simu. Pima kasi halisi ya kupandisha, weka kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya hiyo ili foleni ikae kwenye ruta yako unayoiongoza, kisha ipe sauti nafasi ya mbele. Alama ya kawaida inayobandikwa kwenye pakiti za sauti ni DSCP 46. Elewa tu kwamba alama hiyo hutiiwa ndani ya mtandao wako. Ikishatoka nje, usitegemee yeyote kuiheshimu.

Jiji letu la miamba lina lake pia. Ofisi nyingi huvuta intaneti kwa redio kutoka mnara ulio juu ya kilima, na mwamba mmoja au mwembe uliokua tangu dishi lifungwe unatosha kuharibu sauti huku kurasa za mtandao zikifunguka kama kawaida. Kurasa huomba tena kilichopotea. Sauti haina muda wa kuomba tena. Tazama nguvu ya mawimbi kwenye dishi: -60 ni bora kuliko -80. Linganisha siku kavu na siku ya mvua za masika. Ikibadilika sana, mwite aliyelifunga alielekeze upya. Kwa wale wa Ukerewe na visiwani wanaotumia setilaiti iliyo juu kilomita 35,786, kupanda na kushuka peke yake huchukua karibu robo ya sekunde. Hakuna mpangilio wa simu utakaoliondoa hilo. Wafundishe watu kumaliza sentensi na kusubiri.

Na umbali wa mtambo ujue mapema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima iliuhisi mtandao kupungua. Siku kama hiyo unaweza kukesha na ruta yako bila faida. Pima njia kuelekea mtambo hatua kwa hatua. Kama kuchelewa kunaanzia nje ya nchi, subiri, au elekeza simu kwenye laini za mkononi. Kwa ofisi ambayo wateja wake wote wako Tanzania, mimi huwashauri mtambo ulio ndani ya nchi hata ukiwa ghali kidogo.

Simu ya mezani itumie waya, si Wi-Fi. Waya usizidi mita 100.

Namba inakataa

Mtambo ulio mbali haujui kwamba uko Mwanza. Mazoea ya kupiga namba ya mezani ya hapahapa bila 028 yatakataliwa. Vivyo hivyo 006 ya kupigia Uganda na 005 ya Kenya. Wafanyabiashara wa ziwani wanaopiga Jinja na Kisumu huwa na vidole vilivyozoea. Tumia +256 na +254. Mwombe mtoa huduma aweke kanuni ya kuibadili 0 ya mwanzo kuwa 255, watu waendelee kupiga walivyozoea.

Mwulize pia kuhusu 112. Mtambo ulioko nje unaweza usiifikishe polisi ya hapa. Usijaribu kwa kupiga. Pata jibu kwa maandishi, na simu ya mkononi yenye laini iwepo mapokezi daima.

Mengine kwa ufupi

"Bonyeza 1 kwa Kiswahili" haisikii ukibonyeza: njia ya kutuma tarakimu haifanani pande mbili. Chagua RFC 2833, ambayo kwenye simu nyingine imeandikwa 4733, pande zote. Mwangwi: punguza spika, na ujue kwamba mwangwi unaousikia wewe hutengenezwa upande wa mwenzako. Simu zinazolia usiku kutoka namba kama 100 au 1001, ukipokea hakuna mtu: hao ni wabahatishaji wameifikia simu yako moja kwa moja kupitia ruta. Funga poti 5060 kama fundi aliifungua, na uiambie simu ipokee kutoka kwa mtambo tu. Usilipuuze. Wakipata nenosiri hupiga nchi za mbali usiku kucha, na bili ni yako. Ekstensheni 101 yenye nenosiri 101 haipaswi kuwepo popote.

Radi ninaitenga, maana huku ziwani hupiga kwa wingi, hasa usiku. Ruta na swichi ziwe nyuma ya UPS (betri ya akiba) yenye kinga, dishi liwe na waya wa ardhini, na kati ya jengo na jengo pitisha nyuzi za mwanga badala ya waya wa shaba. Nimeshuhudia swichi ya matundu 24 ikiungua pamoja na simu kumi na moja kwa waya mmoja uliovuka uwanja kwenda kibanda cha mlinzi. UPS hiyohiyo itazuia ruta isizime wakati jenereta inachukua zamu.

Unapomwandikia mtoa huduma

"Simu hazifanyi kazi" itakurudishia "zima, washa". Mwandikie hivi: tarehe na saa kamili ya simu moja iliyoharibika, namba iliyopiga na iliyopigiwa, nani alimsikia nani, ilikata sekunde ya ngapi, anwani yenu ya nje ya IP, na matokeo ya kipimo cha bando la mkononi. Andika saa kwa mtindo wa saa 24 na useme ni ya Afrika Mashariki. Saa nne yetu ya asubuhi imewahi kutafutwa kwenye kumbukumbu za mtambo penye 04:00, alfajiri. Simu nyingi za mezani zinaweza kunasa pakiti zenyewe kupitia ukurasa wake wa mipangilio: bonyeza anza, piga simu inayoharibika, bonyeza simamisha, pakua faili. Liambatanishe, lakini kwa mtoa huduma pekee, kwa sababu ndani yake kuna mazungumzo yenu.